Ana akili lakini mtundu

Ripoti ya shule ya mpwa wangu ilikuja na alama za kuridhisha, hisabati akiwa amewaacha wengi, ila kwenye mstari wa maoni mwalimu wa darasa alikuwa ameandika maneno manne: "Ana akili lakini mtundu." Dada yangu aliipiga picha akanitumia, na kabla sijaifungua simu ikaita. "Kaka, hebu nisaidie. Hapa mwanangu kasifiwa au kashtakiwa?"

Nilicheka, nikamwambia asikose usingizi kwa maneno manne. Simu ilipokatika nikajikuta sina jibu. Mimi kazi yangu ni maneno, asubuhi hadi jioni, na hili ni neno nililolisikia tangu sijang'oka meno ya utoto. Nimeitwa kwalo, nimewaita wengine kwalo, na bado mtu akiniuliza kama ni lawama au sifa nababaika.

Muulize yeyote mtundu ni nani, atakwambia ni mtukutu. Muulize basi mtukutu ni nani, atakurudisha kwa mtundu. Ukimbana ataongeza msumbufu, mkorofi, mchokozi, asiyetulia, na hapo maneno yote yameshamwagwa kwenye kapu moja kama dagaa. Lakini sikio halichanganyi hivyo. Hutasikia mtu akisema "yule mzee mtukutu sana wa kutengeneza redio". Ni mtundu. Wala hutasikia "ana utundu wa kuwajibu wakubwa". Huo ni ujeuri, na kila mtu anajua ni ujeuri. Sikio linajua mpaka ambao mdomo hauwezi kuuchora ukiulizwa ghafla.

Nimelizungusha jambo hili wiki kadhaa na nimefika mahali pa kutoa dai. Maneno ya ukoo huu yamegawana viungo vya mwili. Mkaidi ni wa masikio: ameambiwa, amesikia, hatii. Wahenga hawakukosea anuani waliposema sikio la kufa halisikii dawa. Mjeuri ni wa mdomo, maana hata akinyamaza unaona jibu limekaa kwenye midomo yake likisubiri zamu. Mjanja ni wa kichwa. Mtukutu ni wa miguu: umemkalisha mkekani, ukigeuka yuko dirishani, ukigeuka tena yuko juu ya mti, na jioni anarudi na vumbi hadi kwenye nyusi.

Mtundu ni wa mikono.

Ndiyo maana mtundu anaweza kukaa mahali pamoja saa nzima bila kutoa sauti. Kila mama anaijua hali hii. Nyumba ilikuwa na kelele, ghafla imetulia, naye akiwa jikoni anainua kichwa na kuuliza, "Mbona kimya huko?" Anayeuliza hivyo hamtafuti mtukutu, maana mtukutu hatafutwi, anasikika mwenyewe. Anamtafuta mtundu, na akifika chumbani atamkuta amechuchumaa, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, saa ya mezani iko mapande kumi na saba sakafuni.

Hadithi zetu nazo zimegawa vivyo hivyo. Sungura ni mjanja, na sijawahi kusimuliwa sungura mtundu. Tumbili ndiye mtundu. Sungura hashindi kwa vidole, anashinda kwa maneno anayomjaza fisi masikioni, ilhali tumbili anafunua chungu, anamenya asichopewa, anafungua alichofungiwa. Paka wa nyumbani huitwa mtundu siku anapojua kusukuma kifuniko cha sufuria kwa mguu wa mbele. Kabla ya hapo alikuwa mwizi wa kawaida tu.

Sarufi pia inanipa ushahidi, na huu ndio ninaoupenda zaidi. Angalia maneno haya yanavyozaliwa. Mchokozi ametoka kwenye kuchokoza, na kuchokoza hakukamiliki bila mtu: umemchokoza nani? Msumbufu ametoka kwenye kusumbua: umemsumbua nani? Mkorofi ana kukorofisha. Mkaidi ana kukaidi, na kukaidi kunadai amri iliyokaidiwa na mtu aliyeitoa. Mtundu hana kitenzi. Kutundua kupo, lakini huko ni kushusha kilichotundikwa, koti au picha ya ukutani, na hakuna mtoto humo. Mtu akitaka kulitenda jambo hili inabidi afanye utundu, na sentensi inaishia hapo hapo, mtendwa hayupo. Ukisema "Juma kafanya utundu", msikilizaji haulizi kamfanya nani. Anauliza kafanya nini tena.

Wapo wanaosema "amenifanyia utundu", najua. Wasikilize sauti zao wanapolisema: ni watu walioshasamehe.

Nikiwa bado kwenye sarufi, niondoe kishawishi kimoja. Neno tundu, lenye maana ya uwazi, liko karibu mno kiasi kwamba wapenzi wa asili za maneno hawajizuii: mtundu ni mtoboa matundu! Ni tamu, lakini kufanana kwa sauti si hati ya undugu. Kwa mwendo huo kaa la moto na kaa wa baharini wangekuwa wa tumbo moja. Kinachoonekana wazi ni kwamba maneno haya mawili yanasumbuana kama majirani waliojenga bila kuacha uchochoro. Kivumishi chetu kinakubali viambishi vizuri tu kwenye vidole vitundu na mikono mitundu, lakini jaribu kusema macho matundu, umepata macho yaliyotobolewa. Tabia ya kitundu inakuwa tabia ya tobo dogo. Nadhani ndiyo sababu watu wakaona bora kubeba irabu ya ziada na kusema kiutundu, ili mtoto asidhaniwe shimo.

Sasa niseme la bibi yangu.

Bibi alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, lenye kufuli dogo la shaba. Ndani mlikuwa na kanga zake za kutokea, karatasi zake za shamba, na sukari. Sukari ilihamia sandukuni kwa sababu ya wajukuu, nami nikiwa mmoja wao, miaka minane au tisa hivi. Lakini mwanzoni sikuitaka sukari. Lililoniumiza ni ule mlio. Bibi akizungusha ufunguo, kufuli linasema tik, kama mtu aliyebana ulimi kwenye kaakaa. Nilitaka kujua ni nini humo ndani kinachosema tik.

Nikapata kipande cha waya, nikakigonga ncha kwa jiwe, nikakikunja kidogo. Siku ya kwanza sikuvuna kitu zaidi ya kidole kuchubuka. Siku ya pili nilianza kuhisi kitu kikicheza huko ndani, kinasukumika halafu kinarudi. Siku ya tatu kufuli likaniachia mkononi. Sikugusa sanduku. Nikalibana likasema tik, nikalifungua, nikalibana tena. Bibi alinikuta kwenye mara ya nne au ya tano, akashika kiuno mlangoni. "Huyu mtundu huyu! Iko siku atafungua mpaka makaburi." Jioni nikamsikia akimweleza jirani ukutani, na sauti yake haikuwa ya mtu anayelalamika hata kidogo.

Wiki iliyofuata kiwango cha sukari kilishuka. Bibi hakusema mtundu. Alisema, "Mwizi we," akanizaba kofi moja, na waya wangu ukaenda kuzamishwa chooni.

Halafu ikaja siku ya wageni wa kumchumbia shangazi. Wazee watano wenye kanzu wamekaa, maji yamechemka, ufunguo hauonekani. Bibi aligeuza godoro, akakung'uta khanga, akapekua hata ndani ya mto wake. Mwisho nikasikia ninaitwa toka uani, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka wageni wajue: "Mume wangu yuko wapi? Niitieni mtundu wangu." Nilikuja, nikapewa pini ya nywele ya shangazi, bibi mwenyewe akanishikia taa. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyojigamba, pini ni laini kuliko waya. Kufuli liliposema tik, bibi alinipiga kigongo mgongoni, akachota sukari, akafunga, akalishika kufuli akiliangalia. "Na hili tutalibadili," akasema.

Mkono ni ule ule, kufuli ni lile lile, na kwa mwezi mmoja nilikuwa mtundu, mwizi, kisha mtundu tena. Zamani nilidhani bibi alikuwa anabadilika na hali ya hewa. Leo naona alilitumia neno kwa uangalifu ambao wasomi wengi hawana. Nilipofungua ili nijue, nilikuwa mtundu. Mkono ulipotoka kwenye kufuli ukaenda mdomoni na kijiko cha sukari, neno likakoma kunihusu. Utundu haumlipi mwenyewe chochote zaidi ya kujua. Ukianza kulipa, tafuta neno jingine.

Na angalia kile kimilikishi. Siku ya furaha nilikuwa mtundu wangu. Mume akirudi kazini akakuta kioo kimepasuka, mke wake humwambia, "Muulize mtundu wako." Mtoto ni mmoja, wazazi ni wale wale wawili, ila utundu ukiwa na hasara hurithiwa upande wa pili.

Turudi kwa mwalimu na lile "lakini" lake. Neno la hatari katika sentensi yake ni hilo, wala si mtundu. Linaweka akili upande huu na utundu upande ule, kana kwamba mtoto ana vyumba viwili kichwani na kimoja kimeingiliwa na panya. Nenda sasa karakana yoyote, kaa kwenye benchi, sikiliza fundi mkuu akimzungumzia kijana wake: "Huyu hakusomea popote. Ni utundu wake tu." Hakuna lakini hapo. Lile "tu" la mwisho, ambalo kwa kawaida hupunguza, hapa linaongeza, maana linasema kijana hana deni kwa mtu. Nimekutana na watu waliojifunza kushona, kupiga gitaa, kuunganisha umeme, kuhariri picha, na ukiwauliza walifundishwa na nani wanakujibu kwa aibu ya uongo, "Aa, kiutundu-utundu tu." Ni majigambo yaliyovaa kanga ya unyenyekevu.

Katika ukoo wote ule, ni utundu pekee uliopandishwa cheo hivi. Hakuna mkaidi wa kompyuta. Hakuna mtukutu wa mapishi. Jeuri ya pesa ipo, lakini hiyo si sifa ya ufundi, ni tambo. Mtundu wa simu yupo, mtundu wa magari yupo, mtundu wa jikoni anayejua kuokoa mchuzi uliozidi chumvi yupo. Nasema imewezekana kwa sababu ya mikono. Mkono unaovunja ndio unaojenga, na haujui tofauti mpaka mtu auambie. Sikio lisilotii haligeuki likawa ufundi. Mdomo unaojibu wakubwa unaweza kuja kuwa wakili, lakini siku hiyo tutamwita msemaji, neno ujeuri hatutakuwa nalo tena.

Watangazaji wa mpira wataniambia winga naye ni mtundu, na winga hachezi kwa mikono. Ni kweli, ila ni winga yupi? Anayekimbia na mstari mwanzo hadi mwisho haitwi mtundu, anaitwa mwenye kasi. Neno letu linamsubiri yule anayeusimamisha mpira mbele ya beki, anaugusa, anaufuta, anaugusa tena, kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Mguu wake umefanya kazi ya vidole. Na akimpiga beki tobo, hapo mtundu amepata tundu lake, nami nawaachia wale wapenzi wa asili za maneno goli hilo moja la bure.

Wapo wanaoichapa mikono hiyo kwa aya mkononi. Mithali 22:15 inasema ujinga umefungwa katika moyo wa mtoto, na fimbo ya adhabu ndiyo itakayoufukuza. Nimeisikia ikisomwa juu ya mtoto aliyefungua redio. Sitaki mjadala wa dini, nataka wa neno: kilichoandikwa pale ni ujinga. Mtoto anayefungua redio anafukuza ujinga kwa mikono yake mwenyewe, tena bila karo. Ukimchapa kwa aya hiyo, umepiga upande wa pili wa ugomvi.

Kuna jambo jingine katika kupanda cheo huku ambalo halinifurahishi. Wanapokua, watundu wawili hugawanywa. Mvulana akifika miaka ishirini, mtundu wake anakuwa wa mashine: mwachie jenereta, mtundu huyo. Msichana wa umri huo huo, akiitwa mtundu mbele ya watu, kuna mtu atakohoa na mwingine atatabasamu akiangalia chini. Neno limehamishiwa chumbani. Hata somo anayemfunda mwari hulitumia, kwa heshima na kwa sauti ya chini, kwamba mke awe na utundu kidogo, na mkononi mwa somo halina ubaya, ni elimu. Tatizo ni pale maana hiyo inapofukuza zile nyingine zote. Namfahamu mwanamke anayefungua na kufunga pampu za maji kama mimi ninavyofungua na kufunga kalamu. Wateja wake humwita hodari, jasiri, mwanamke wa shoka. Sijasikia hata mmoja akimwita mtundu, na ndilo neno linalomfaa kuliko yote hayo, kwa sababu hakutumwa, hakusomea, alichokonoa.

Kompyuta nazo zimetuletea kesi mpya. Anayeingia kwenye mifumo ya watu bila ruhusa tumempa jina la mdukuzi, neno linalokaa nyumba ya jirani na mdukizi, yule anayetega sikio kwenye mazungumzo yasiyomhusu. Ni uchaguzi mzuri. Kwa sikio langu, wangemwita mtundu wa mitandao wangekuwa wamemfutia nusu ya kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 haijali kama uliingia kwa kutaka kujua tu au kwa kutaka kuiba, kuingia kinyume cha sheria kwenyewe ni kosa. Bibi yangu angebishana na sheria hiyo kwa siku mbili, kisha angekumbuka sukari.

Mtaani lakini watu wameyaweka maneno yote mawili na hawayachanganyi. Simu yako ikigoma kuwaka unampelekea mtundu. Hela zako zikitoweka kwenye simu hiyo hiyo, unamtafuta mdukuzi, na unamtafuta na polisi.

Nije kwenye matumizi yanayonitia hasira, maana nimejizuia hadi hapa. Siku hizi kuna vijana wanaopiga video za kile wanachokiita pranki. Mmoja anamwagia maji mama aliyejibebea beseni kichwani, mwingine anashika kamera. Mama anapepesuka, bidhaa zinamwagika, video inapata watazamaji. Ukilalamika unaambiwa, "Punguza hasira mzee, ni utundu tu." Hapana. Rudi kwenye sarufi: amemmwagia nani? Sentensi ikishakuwa na mtendwa, kwamba kuna mtu mwishoni mwake aliyelowa, tumetoka kwenye utundu, tuko kwenye uchokozi, na ikiwa mtu huyo amepata hasara tuko mbali zaidi ya hapo. Mtundu angefungua kamera aone lenzi inavyofanya kazi. Hawa wamegusa mtu, kamera hawajaifungua.

Ule ule ulaghai nauona kwenye mabweni. Mwanafunzi wa kidato cha juu anamfungia mdogo chooni usiku, na kikao cha nidhamu kinaandika "utundu wa wanafunzi". Neno tamu linafanya kazi ya kufunika kidonda. Wahenga walikuwa na ukali wao hapo: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Na usaha ukishatumbuka, aliyekuwa anacheka haendi kuuosha.

Kuna atakayeniuliza, basi utani je? Mbona watani wanagusa watu, tena siku mbaya kuliko zote? Ni kweli. Mtani anafika msibani amevaa kofia ya marehemu, anaiga kikohozi chake na mwendo wake, analizuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado yanatiririka. Lakini utani una karatasi zake, hata kama hazijaandikwa. Upo kati ya bibi na mjukuu (ndiyo maana nilikuwa mume nikiwa na miaka minane), kati ya mashemeji, kati ya makabila yaliyokubaliana tangu zamani, na kila upande unajua kesho zamu ni yake. Anayemwagia maji mama asiyemjua hana zamu ya kumwagiwa. Utundu wenyewe hauna kibali chochote, na hauhitaji, kwa sababu kufuli halina ndugu wa kulidai fidia. Mwenye kufuli, huyo ni habari nyingine.

Nilipompigia dada yangu kumweleza yote haya, alinisikiliza kwa adabu kama dakika tatu. Nilikuwa nimefika kwenye viungo vya mwili aliponikata. "Kaka, hayo mazuri. Wakati unaongea mtundu wako amefungua rimoti ya televisheni kwa kisu cha jikoni. Zungumza naye."

Nikapewa mpwa wangu. Nikamuuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya mjomba mkali, alikuwa anatafuta nini humo ndani.

"Mjomba, kuna kitaa mbele kinatoa mwanga lakini hauonekani. Ukikiangalia kwa kamera ya simu ndiyo unauona. Nataka nijue kwa nini."

Nilikuwa sijui kama kamera ya simu inaweza kufanya hivyo. Nikachukua rimoti yangu, nikaielekeza kwenye simu nikiwa bado naongea naye, nikabonyeza. Kweli, kidoa cha zambarau kikawaka kwenye skrini, kikazima, kikawaka. Nikabonyeza tena na tena, na sijui nilikaa kimya kwa muda gani, kwa sababu nilichosikia ni mke wangu akiuliza toka jikoni, "Mbona kimya huko?"

Kuhusu ripoti, dada yangu aliniachia nafasi ya sahihi ya mlezi, kwa kuwa karo ya muhula ule nililipa mimi. Nilitia sahihi. Kisha kwa wino ule ule nikakata neno la tatu, nikaandika juu yake "kwa hiyo". Nikaisoma. Haikuniridhisha, maana sasa ilidai utundu ni mtoto wa akili, nami nashuku ni kinyume chake, kwamba mikono ndiyo iliyotangulia na kichwa kikafuata kuangalia kinachoendelea. Nikakata tena, nikaweka "na". Ukurasa ukawa mchafu. Dada yangu alipouona akasema mwalimu atadhani ni mtoto aliyeghushi.

Jioni hiyo akanitumia ujumbe: "Rimoti inafanya kazi. Imebaki skrubu moja mezani. Mtundu wangu anasema haikuwa na kazi."